Siku Thelathini na Moja kwa Namba ya Baba

Jambo lote lilitugharimu shilingi mia nne na kumi na nane na senti hamsini. Niliihesabu mara mbili wakati ule, na juzi nimeihesabu tena mara mbili, mtu mzima mwenye miwani, haijapungua. Kazi yenyewe ilikuwa imenilipa shilingi mia tatu sabini na mbili. Maana yake nilibeba mawe na kokoto siku thelathini na moja, jua la Desemba likinichoma kisogo, kwa hasara ya shilingi arobaini na sita na nusu. Sijakutana bado na mtu mwingine aliyelipa ili abebe mawe.

Tulikaa Kaloleni, nyumba ya vyumba viwili tuliyoipata kwa sababu ya kazi ya baba. Alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja kubwa ya mjini, mtu wa tai na viatu vilivyopigwa rangi kila jioni. Kazi ikienda, nyumba inaenda, na sisi watu saba tunapanda basi la kurudi kijijini magharibi na masanduku yetu. Hilo tulilijua wote, hata kitinda mimba ambaye hakujua kufunga vifungo vyake. Barua ya ajira ilikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari: mfanyakazi asifanye kazi nyingine ya malipo. Baba alilisoma sharti hilo kwa sauti kila jirani alipomjia na habari ya kufungua kioski kwa ubia.

Jambo la pili la kujua ni kwamba pale kwetu kila kitu kilikuwa kwa jina la baba. Nyumba, kadi ya kliniki, daftari la mkopo la duka la kona, hata barua zetu zilikuja kwa sanduku la posta la kazini kwake. Ukiugua uliandikwa mtoto wa fulani. Ukinunua unga uliandikwa fulani. Mimi nilifika miaka kumi na saba bila kuwa na karatasi hata moja yenye jina langu peke yake, ukiacha ripoti za shule, na hizo nilitamani zingekuwa na jina la mtu mwingine.

Likizo ya mwisho wa mwaka ilipofika nilikuwa na shida mbili: suruali ya bugaluu, yenye miguu mipana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Vijana wote wa rika langu walikuwa wameongezeka urefu wa inchi tatu kwa ajili ya soli zile, nikawa nawatazama videvu. Suruali ilikuwa shilingi sitini baada ya kupatana. Viatu themanini na tano, na mwenye duka hakutaka mazungumzo. Kumwomba baba ilikuwa kupoteza mate. Kwa hiyo nilimwambia mama kwamba nitakuwa nikienda kusoma na wenzangu, nikafuata Barabara ya Jogoo kwa miguu hadi upande wa Buruburu, ambako nyumba mpya zilikuwa zikiota kama uyoga na kila ua ulikuwa na lango la mabati na watu wamesimama nje wakingoja kuitwa.

Nyapara wa mjengo wa kwanza nilioufikia alikuwa mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio na daftari lililofungwa kwa uzi. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso.

"Mwanafunzi."

Nikamwambia ndiyo, lakini mwenye nguvu.

"Mwanafunzi ni shilingi kumi."

Nikamuuliza kama jiwe linapungua uzito likibebwa na mwanafunzi. Akacheka kwa pua. Tulianzia kumi, nikataja kumi na nne, tukakutana kumi na mbili, bei ya kila mtu, naye akaona nimemshinda na mimi nikaona vivyo hivyo. Halafu akafungua daftari na kuniomba kipande na namba ya kodi.

Sikuwa na kipande, kitambulisho cha watu wazima, kwa kuwa umri haukuwa umefika. Namba ya kodi sikujua ni mnyama gani. Alinieleza kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza mara ishirini asubuhi hiyo: wakaguzi wa kodi walikuwa wamempitia tajiri wake, wakasema orodha ya wafanyakazi inayoletwa kwao isiwe na mtu asiye na namba, hata awe kibarua wa siku moja. Asiye nayo aende mjini akaandikishwe kwanza. Na wa kuandikishwa lazima awe na kipande.

"Huna kipande, huna namba. Huna namba, huna kazi," akasema, akafunga daftari. Kisha akalifungua tena, kwa sababu lori la mawe lilikuwa limeingia na hakukuwa na watu wa kulipakua. "Buda wako ana namba?"

Baba anayo, nikasema. Iko kwenye karatasi ya mshahara, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda.

"Sasa unalia nini?"

Leo nikikueleza hivyo utashangaa nilivyokubali haraka. Lakini fikiria: kadi ya kliniki ilikuwa ya baba na ilinitibu mimi. Daftari la duka lilikuwa la baba na unga niliula mimi. Namba nayo niliiona ni ya nyumba nzima, kama ile iliyopakwa rangi juu ya mlango wetu. Tena sikuwa peke yangu. Pale mjengoni kuvaa jina la mtu ilikuwa kama kuvaa kofia ya kujikinga na jua. Mmoja alikuwa akifanya kazi kwa jina la shemeji yake. Mwingine alivaa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki, na kila asubuhi jina la marehemu lilipoitwa alijibu "niko" bila kupepesa jicho.

Kesho yake nikaleta namba nimeiandika kwenye kiganja. Nyapara akaandika jina la baba, namba ya baba na umri wa baba, miaka arobaini na sita. Kuanzia siku hiyo mjengo mzima uliniita Mzee. "Mzee, lete karai." "Mzee, angalia mgongo, umri umekwenda." Kila Jumamosi nilitia saini ya baba nikapokea shilingi sabini na mbili. Saini hiyo niliijua vizuri, nilikuwa nimejizoeza tangu darasa la sita kwa sababu za kishule ambazo hazihusiani na habari hii.

Nguo za kazi niliziacha kwa mama mmoja aliyeuza uji langoni. Jioni nilinawa kwenye bomba la mjengo nikarudi nyumbani na kitabu kwapani, na baba alifurahi kuniona nimechoka na masomo. Krismasi ikaja ikapita. Nikanunua suruali na viatu, nikavificha kwa rafiki. Nikihesabu na uji wa senti hamsini kwa siku, nilibaki na mia mbili na kumi na moja na nusu, nikazifunga ndani ya soksi. Shule ikafunguliwa. Nilijiona mjanja kuliko mtaa mzima.

Jumatatu moja ya Januari tuliachiwa mapema. Nilipofika nyumbani saa saba mchana nilimkuta baba amekaa kwenye kiti chake, tai shingoni, viatu amevivua na kuvipanga mbele yake. Sikuwa nimewahi kumwona baba nyumbani saa saba ya siku ya kazi. Nilidhani kuna mtu amekufa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Baba alikuwa akimweleza kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mbali. Barua kutoka ofisi ya kodi ilikuja kwa sanduku la posta la kazini, na karani mkuu, ambaye hufungua kila kitu chenye muhuri, akaifungua. Barua ilisema kwamba mwenye namba fulani amepokea mishahara miwili, mmoja wa stoo na mwingine wa kubeba mawe Buruburu siku thelathini na moja, na huo wa pili hakuutaja. Karani mkuu akamwita, akamwekea mbele barua ya kodi na ile barua ya ajira yenye sharti lililopigiwa mstari. Akampa mpaka Jumamosi alete maelezo. Hadi hapo asikanyage ofisini, na siku hizo hazina malipo. Asipokuwa na maelezo, Jumatatu alete funguo za stoo na za nyumba.

Siku hizo thelathini na moja zilikuwa zangu.

"Buruburu," mama akasema.

"Sijawahi hata kuteremka Buruburu," baba akasema.

"Shilingi mia tatu sabini na mbili."

"Mama watoto, nimekwambia..."

"Sikuulizi kama ulibeba mawe. Nakuuliza pesa zilienda kwa nani."

Hapo ndipo nilipopata mshtuko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Mama hakuwa akiwaza kodi. Aliwaza mwanamke. Mume mwenye mshahara usiofika nyumbani ana nyumba nyingine, hiyo ni hesabu ya kila mama mtaani kwetu na mara nyingi inatoka sawa. Baba alirudia kwamba hajui. Kutojua kwake kulionekana sawasawa na kujua.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Badala yake nikasema nina kazi ya shule, nikatoka nikakaa kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa nikijiambia kwamba wakubwa watalimaliza. Jumanne sikusema. Jumatano sikusema. Mama alimwandalia baba chakula, akakiweka mezani na kugeuka kabla sahani haijatulia, na baba alikaa na kalamu mbele ya karatasi akijaribu kuandika maelezo ya jambo asilolifahamu. Alikuwa akiandika tarehe, anapiga mstari, anaandika tarehe. Kila siku ya ukimya wangu ilikuwa shilingi arobaini za mshahara wake. Siku tatu, mia moja na ishirini. Naweza kusema kwa uhakika kwamba sijawahi kununua kitu ghali kama kile.

Alhamisi mama hakwenda sokoni. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akafunga kibeti, akaenda Buruburu kumtafuta huyo mwanamke.

Yaliyotokea huko aliyasimulia baadaye, tena miaka mingi, kila mara akiongeza kidogo. Alipita lango kwa lango akitaja jina la mumewe. Langoni mwa mjengo wetu vibarua wakasema, ah, Mzee, tunamjua, kijana mzuri huyo, amerudi shule. Mama akadhani wanamdhihaki. Akauliza mwanamke wake ni nani, wakamwonyesha muuza uji, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinitunzia nguo. Mama akamwendea amekaza mkanda. Muuza uji, mwanamke mwenye umri wa nyanya yangu, akamwambia kama yeye ni jamaa wa yule mtoto achukue mzigo wake, unamjazia nafasi, akampa kifurushi.

Nilipoingia jioni, kifurushi kilikuwa mezani kimefunguliwa. Shati langu la kaki la shule ya msingi, limekakamaa kwa saruji, na kiraka cha bluu begani alichokishona mama kwa mkono wake. Baba alikuwa upande mmoja wa meza, mama upande mwingine. Hakuna aliyenipigia kelele. Ningelipa pesa nipigiwe kelele.

"Hiki kiraka nakijua," mama akasema.

Nikasimulia kila kitu, kuanzia raizoni. Nilipofika kwenye namba, baba aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nilijua kwamba namba ile ni yake yeye peke yake, mtu mmoja, kama meno. Nikamwambia nilidhani ni yetu. Sikuona hasira usoni pake. Aliogopa, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akiishi na mtu mwingine mwenye sura yake.

Mama alimsogezea sahani, akainuka akarudi na nyama yote iliyokuwa sufuriani. Baba akala.

Ijumaa tukaenda mjini, mimi na yeye. Ofisi ya kodi ilikuwa na foleni iliyozunguka ngazi mara mbili. Tulipofika dirishani baba akaeleza kwa heshima zote kwamba kosa si lake, aliyefanya kazi ni huyu mtoto. Karani akaomba namba ya mtoto. Hana. Akaomba kipande. Hana. Cheti cha kuzaliwa? Nilizaliwa nyumbani kwa nyanya, kadi ya ubatizo iko huko huko kanisani.

"Basi hayupo," akasema karani.

Baba akamwambia yupo, huyu hapa. Karani akainama akanichungulia, akakubali kwamba ananiona. Lakini kwenye mafaili hakukuwa na mtu wa namna hiyo, na asiyekuwepo hawezi kupokea mshahara. Pesa zilipokewa. Aliyepo ni baba. Kwa hiyo zilipokewa na baba.

Nilijaribu kupatana. Nilimuuliza kama anaweza kuniandikisha mimi leo, kodi iwe yangu, hata kwa kiwango cha juu kidogo. Akaniambia nirudi nikifikisha umri. Nikamwambia umri nilishaandikiwa miaka arobaini na sita bila mtu kulalamika. Baba akanikanyaga mguu.

Mwishowe karani alitwambia njia ni moja: kodi ilipwe na mwenye namba, shilingi hamsini na sita, na faini hamsini ya kutotaja, kisha baba aende kwa wakili akaape kwa maandishi kwamba mikono iliyofanya kazi si yake. Wakili wa ghorofani alichukua sitini. Nauli za kutwa nzima zilikuwa nane, na chai na mandazi tukingoja foleni nne na nusu. Ongeza siku sita za mshahara, mia mbili arobaini. Jumlisha mwenyewe. Mimi nimeshafanya.

Jumamosi asubuhi tulisimama mbele ya karani mkuu, mtu mnene aliyepumua kwa sauti. Alisoma kiapo chote, akakiweka chini.

"Kila baba ana mtoto wa kumsingizia," akasema. "Saini za kupokea mshahara huu ni zako. Nimeziona kwenye orodha iliyoambatana na barua ya kodi."

Baba akasema nilizitia mimi. Karani mkuu akanisukumia karatasi na kalamu. Nikatia saini ya baba, na kwa kuwa nilikuwa na woga niliitia vizuri kupita siku zote. Karani mkuu akafungua daftari la mahudhurio ya stoo, akalinganisha. Akapumua. Kisha akasema neno ambalo mimi na baba hatukuwa tumelifikiria hata kidogo.

"Kama huyu anaweza kusaini hivi, nitajuaje kwamba siku hizo hakuwa huyu akisaini hapa stoo, na wewe uko Buruburu?"

Miaka kumi na tisa ya baba ya kufika saa mbili kasorobo, na saini yangu moja ilikuwa imeifuta yote. Nilianza kusema kitu, sijui nini. Karani mkuu akainua kidole.

"Wekeni mikono mezani. Viganja juu."

Tukaweka. Mikono ya baba ilikuwa laini, na wino wa mihuri umeingia kwenye kucha usitoke. Yangu ilikuwa na sugu nne kila upande, na nyufa za saruji ambazo wiki tatu za shule hazikuwa zimeziba. Karani mkuu aliinama, akabonyeza sugu moja kwa kidole gumba, kisha nyingine. Akarudi kwa baba, akabonyeza pia. Akafunga daftari la mahudhurio.

Baba akabaki na kazi, na nyumba ikabaki. Siku sita hazikulipwa. Na kwa kutoilinda namba yake, karani mkuu aliamuru barua ya onyo iandikwe, ikatiwa kwenye faili la baba mbele ya macho yetu, ikatobolewa na kufungwa.

Jioni hiyo nilileta ile soksi. Nikamwaga pesa mezani na kumpa baba mpango wangu: mia mbili na kumi na moja na nusu sasa hivi, viatu na suruali nitaviuza, na salio nitalipa kidogo kidogo kila likizo, kwa kazi yoyote atakayoiruhusu. Nilitegemea atazikataa. Nilikuwa nimeona wazazi wa wengine wakikataa. Baba alizihesabu, akazihesabu tena, akazitia mfukoni, akaniandikia risiti.

"Zilizobaki ni mia mbili na saba," akasema.

Nikakubali.

"Hizo ni pesa. Bado ile barua. Miaka kumi na tisa faili langu halikuwa na karatasi kama ile." Akachukua penseli, akageuza risiti upande wa nyuma, akanisogezea. "Wewe ndiye mjuzi wa kupatana. Niandikie hapo bei yake, nianze kukudai."